Difu la nyuma la pikapu ya baba

Leo nimejua kwamba breki za nyuma za pikapu ya marehemu baba ni za gari lingine.

Nilikuwa nyumbani Mbuba, nabadilisha brekishuu. Nikafungua dramu ya gurudumu, nikalinganisha mpya na zilizoisha.

Mpya ni nyembamba, hata matundu ya springi hayalingani.

Nikampigia muuza spea wa Biharamulo.
"Kaka, nimekupa za gari ulilotaja," akasema.

Mama alikuwa anachambua maharage kibarazani. Nikamwonyesha.

"Difu hilo la nyuma, chuma chote kinachobeba magurudumu, si la gari hili," akasema. "La kwanza lilikatika tukikupeleka Rulenge kubatizwa. Baba yako akanunua hilo pamoja na breki zake, kutoka kwenye basi dogo bovu."

Miaka yote naendesha, sikujua!

Nikapima dramu, nikamtumia muuza spea vipimo na picha. Safari hii sikutaja gari.
Akajibu, "Hizo ninazo."

Nikamuuliza mama lile basi dogo lilikuwa la nani.

"La yule bwana aliyetaka kunioa kabla ya baba yako."

Akaendelea na maharage yake.

Nimekaa hapa na spana mkononi. Ninyi mngeanza kuuliza nini?