Kiti Alichomshonea Mtu Mfupi

Mume wangu hushona viti vya pikipiki. Watu humwita Fundi Siti, nami humwita hivyo hivyo nikiwa na hasira naye, yaani mara kwa mara. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa nyumba yetu, kimejaa sponji, ngozi bandia na gundi inayonuka hadi chumbani kwetu.

Kiti kikiisha hakikabidhi hivihivi. Lazima akijaribu barabarani kwanza, eti asikie mgongo unasemaje. Kilomita kumi za kusikiliza mgongo! Alikuwa akirudi macho yakiwa mbali, kama mtu aliyeamshwa kabla ndoto haijaisha. Miaka ishirini na sita niliuonea wivu upepo. Nikimuuliza anafuata nini huko, hunijibu, "Kule hakuna anayeniita." Na pikipiki yake mwenyewe ilikuwa na kiti cha mtu mmoja. Hilo nalo nililimeza.

Mwaka jana macho yakaanza kumsaliti. Daktari hakumficha: jicho la kushoto limekwisha, la kulia lina ukungu, asiendeshe tena. Nakiri nilifurahi. Nikadhani sasa nitampata mzima. Kumbe nilipata mtu wa kukaa mlangoni mwa kibanda, akisikiliza pikipiki zinavyopita, chakula hakigusi. Alikuwa anakwisha hivi hivi namwona, nikaogopa.

Asubuhi moja nikamkuta amekifumua kiti cha pikipiki yake, anachonga sponji kwa kisu, vidole vikifanya kazi ya macho. Nikajua anaiuza.

"Unamtengenezea nani?"

"Mtu mfupi."

"Namfahamu?"

"Unamfahamu. Msumbufu kidogo."

Nikaenda zangu jikoni, roho ikiniuma. Niliichukia ile pikipiki, lakini sikutaka kuiona ikitoka pale mlangoni.

Mchana akaniita. Kiti kilikuwa kirefu, mbele kimeshuka, nyuma kimeinuka.

"Hebu kaa."

Nikakaa. Nyayo zangu zote mbili zikatua chini sawasawa. Hakuwahi kunipima hata siku moja.

"Mimi? Kwa umri huu?"

"Mimi nitakaa nyuma, mama. Nisikie tu." Hakuwa mtu wa kuomba.

Wiki tatu tulizunguka uwanja wa shule. Nilimwangusha mara nne, akawa anainuka akijipangusa vumbi na kunisifu uongo. Jumapili tukaingia barabarani. Baridi ya asubuhi ikanipenya mikononi, mashamba yakawa yanakuja na kuondoka bila haraka, na sijui ni wapi nilisahau kuogopa. Nikasahau na goti langu, na nguo nilizoloweka. Nilikuwa mwepesi. Barabara ilijikunjua mbele yangu nami nikaitaka yote. Nyuma, helmeti yake iligonga yangu kila tulipokata kona, na nilijua bila kugeuka kwamba amefumba macho.

"Nyumbani tumepita, mama," akasema.

"Najua," nikamjibu, nikaongeza mwendo.