Mikungu Tuliyoifukia

Kabla ya vita sikuwahi kula ndizi nisiyomjua aliyeipanda. Shambani kwetu, juu kidogo ya Tengeru, kila shina la mgomba lilikuwa na mwenyewe: hili la mama mkwe, lile la marehemu baba, na lile la mferejini alilipanda mume wangu, Anaeli, mwaka alionioa. Misheni walinifundisha ramani ya dunia nzima. Dunia yangu mimi iliishia kwenye ule mfereji.

"Wewe hata sokoni ukienda unaaga kama unakwenda Ulaya," Anaeli alinitania asubuhi moja, akikomba ndizi za kuponda na maziwa ya mgando.

"Na wewe msafiri umefika wapi? Usa tu, hapo bondeni, tena ulirudi na malengelenge!"

Mama mkwe alicheka hadi akapaliwa.

Kisha Wajerumani na Waingereza wakaanza kupigana. Askari wa Mjerumani walipanda mlimani kukata mikungu, na wanaume waliowakuta waliwatwika, wakaondoka nao. Mama mkwe akasema tufiche chakula. Tukachimba shimo katikati ya migomba, tukatandika majani makavu, tukapanga mikungu mibichi na kufukia, vilevile tunavyovundika ndizi za pombe. Mikono ilifanya ilichozoea. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba ndizi ikivundikwa huiva, na ikiiva hunukia.

Anaeli naye alijificha humohumo, kando ya shimo, chini ya lundo la majani.

Askari walipofika siku chache baadaye, tulisema hatuna chakula. Hatuna mwanamume.

Mmoja wao akasimama. Akanusa.

"Shikamoo, mama," alimwambia mama mkwe, kwa upole kabisa. "Hata kwetu tunavundika hivihivi."

Akaenda moja kwa moja hadi kwenye shimo.

Walimtwika Anaeli mkungu wa shina lake mwenyewe, lile la mferejini. Alipopita mbele yangu alisema, "Haya, nakwenda Ulaya. Mbona huniagi?"

Nilimfuata hadi mferejini, nikaishia hapo bila kumuaga.

Mama mkwe hakuvundika tena ndizi hadi alipokufa.

Siku hizi wajukuu wa shemeji yangu hunicheka kwamba nakihoji chakula kama hakimu: maharage haya ya nani, maziwa haya ya ng'ombe yupi? Wacha wacheke. Kila kilichomo chunguni mwangu nakijua kilikotoka. Ni mkungu mmoja tu sijui uliliwa wapi, wala aliyeubeba alitua wapi.