Keki ya Tufaha ya Wietske

Saa nne asubuhi, wakati wa kahawa, Wietske Hoekema anaingia na keki ya tufaha mkono mmoja, kisu mkono wa pili. Maabara nzima ya baridi kali, hapa chuoni Groningen, inaangua kicheko.

"Haya, leo umevunja nini?" anauliza Profesa Tjeerd.

Desturi yao ni kwamba aliyeharibu ndiye anayeleta keki, na haikatwi mpaka aseme kosa lake mbele ya wote. Hata maprofesa hawaponi.

Wietske, mwenye miaka 58, ni fundi wa maabara. Kazi yake ni kulehemu nyaya nyembamba kama nywele. Leo hacheki.

"Ni chombo cha Bauke. Jana jioni nilikifungua. Nyaya mbili zimegusana, na nilizilehemu mimi."

Kicheko kinakatika. Bauke Elzinga anasomea shahada ya uzamivu ya fizikia. Kwa miezi kadhaa amekuwa akipima kipande cha madini kilichoonekana, kikishapozwa, kupitisha umeme bila kizuizi chochote. Makala ilikuwa iende jaridani Jumatatu. Kumbe umeme haukupita kwenye madini kabisa, ulipita njia ya mkato kwenye zile nyaya.

"Si ungeniambia jana!" Bauke anasema, uso umemwiva kwa hasira. "Usiku nimempigia mama kumtangazia ugunduzi. Saa hizi mji wetu wote wa Dokkum unajua!"

"Pole, Bauke. Hata usingizi sikupata."

Mimi, mwandishi niliyewatembelea leo, namuuliza Wietske: angenyamaza, nani angejua? Ananitazama kana kwamba nimeuliza upuuzi.

"Wenzetu wangehangaika miaka kutafuta kitu ambacho hakipo. Fizikia ina mashine tele, bwana. Inachopungukiwa ni keki."

Anainua kisu. Bauke anamshika mkono.

"Ngoja. Nusu ya keki hii ni yangu." Anawageukia wenzake. "Mwezi uliopita kipimo kilisoma kizuizi sifuri hata chombo kilipokuwa na joto. Nilijua haiwezekani. Nikayafuta matokeo hayo, basi."

Tjeerd anaweka kikombe chini. Wietske anakata kipande kikubwa kuliko vyote na kumpa Bauke.

Baada ya miaka miwili Wietske atastaafu, na anaomba desturi isistaafu naye. Mchana huu watalehemu upya, Bauke akimmulikia taa.

Lakini kwanza Bauke anatoka na simu yake. Sauti yake inasikika mlangoni.

"Mama, mpaka sasa umewaambia wangapi?"