Miguu ya Bata ya Verna Oehler

Verna Oehler hakuwahi kukaa kitako tangu azaliwe. Mama yake alimzaa akiwa mbioni kuwahi basi, na basi lenyewe wakaliwahi wote wawili. Hapa Cincinnati hata tambi zake za mchuzi wa nyama alizila amesimama, mguu mmoja nje ya mlango.

Kiwandani tulikunja naye makasha ya karatasi, mpaka Bwana Dieckmann, mkubwa wetu, alipopata leseni ya kutengeneza wanasesere wa filamu moja ya anga za juu. Filamu ilikuwa haijatoka, na wenyewe kule California waliificha kama mali ya wizi. Walituletea picha chache tu. Mfalme wa sayari fulani alipigwa picha nyuma ya meza, kuanzia kitovu kwenda juu. Verna, kwa kuwa mikono yake iliijua nta, akapewa amfinyange. Lakini hakiuzwi kitu mpaka wenye filamu wakione na kukikubali. Mfalme akikataliwa, Verna anarudi kwenye makasha.

"Miguu yake iko wapi?" aliniuliza.

"Chini ya meza, shoga. Miguu ya mfalme haionyeshwi bure."

Akamwekea miguu ya bata bukini, kama ya wale aliowafuga shangazi yake.

Siku ya ukaguzi alizunguka karakana kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akafagia palipofagiliwa. Akafagia viatu vya Bwana Dieckmann, mwenyewe akiwa ndani yake.

"Verna, tulia!"

"Nitatulia nikifa, bosi, na hata hapo msifunge jeneza haraka."

Mjumbe wa wenye filamu, Bibi Lorraine Stamm, akamwinua mfalme, akamgeuza. "Hii nini?"

"Miguu, mama."

"Hana miguu huyu. Kwenye filamu ni kikaragosi, mkono wa mtu umepenyezwa ndani yake kutoka chini ya meza."



"Haya," Verna akasema, "mtoto akitaka kumtembeza, anunue na meza?"

Bibi Stamm akauma mdomo, akaenda kupiga simu California. Huko akakawia. Verna akalizunguka jengo mpaka lami ikalainika. Hatimaye Bibi Stamm akatokea.

"Wamekubali. Ila mvalisheni joho refu, miguu isionekane."

Joho! Kila mtoto aliyenunuliwa mfalme, kazi ya kwanza ilikuwa kulifunua. Filamu ilipotoka, wakawasumbua wenyewe kwa barua: mbona mfalme wenu hatembei, na miguu anayo?

Filamu ya pili ilipotoka, mfalme alichomoka nyuma ya meza mbio, kwa miguu ya bata bukini. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Verna hakupiga. Alikuwa amesimama kati ya safu za viti, wa nyuma wakimzomea akae.

"Goti wamelikosea," akaniambia, akivaa koti. "Bata hapigi hatua hivyo. Inuka twende, karakana haijafungwa."