Sauti Kwanza, Barua Mwisho

Kambini walimwita Antena, kwa urefu na wembamba wake, na kwa sababu kazi yake ilikuwa kupanda milingoti. Alikuwa fundi wa mtandao kwenye machimbo ya mawe, mbali kiasi kwamba simu za kawaida hazikushika. Watu walizitumia kusikilizia muziki na kufungulia barua pepe kwa mtandao wa kambi. Mtandao wenyewe ulitegemea njia moja ya mawimbi, kutoka mlingoti wa kilimani hadi mjini, na njia hiyo ilikuwa nyembamba. Humo zilipita simu za kazi walizobeba wasimamizi shimoni, mikutano ya video na makao makuu, na barua za kambi nzima.

Antena ndiye aliyepanga nani atangulie. Sauti kwanza, video ya pili, barua pepe mwisho.

"Mtu akipiga simu kwamba jiwe limeporomoka, neno likikatika katikati halina maana," alikuwa akieleza. "Barua ikichelewa kidogo, itafika ilivyo."

Na ilikuwa kweli. Mlipuaji baruti mmoja aliwahi kubanwa mguu na kifusi, akafikiwa upesi kwa sababu simu ilisikika vizuri. Antena alijivunia hilo, ingawa hakulisema.

Shida ilianza meneja alipotaka kamera za shimoni zirushe picha makao makuu kutwa kucha.

"Bosi, njia haitoshi," Antena alimwambia. "Video ikijaa hivyo, barua hazitapata pa kupenya."

"Barua zenyewe za nini? Za kujuliana hali tu. Wakubwa wanataka kuona kazi inaendelea."

Angeweza kubisha. Angeweza hata kuzitengea barua kichochoro chao, kazi ya muda mfupi tu. Lakini mkataba wake ulikuwa ukingoni, na meneja ndiye angesaini mwingine. Akafanya alivyoambiwa.

Haikuchukua muda watu wakaanza kunung'unika. Mchomelea vyuma alimsimamisha mlangoni mwa bwalo la chakula, simu mkononi.

"Dada Antena, barua ya mke wangu inazunguka tangu asubuhi kama pia. Haisikii hata kizunguzungu?"

Watu wakacheka, naye akacheka. "Vuta subira, kaka. Itafunguka."

Zake mwenyewe zilikuwa zinazunguka vilevile. Alijua mama yake ana kisukari, ila mama alikuwa nacho miaka nenda rudi, na kaka yake mkubwa alikuwa naye nyumbani.

Wiki kadhaa baadaye ikapiga mvua ya radi mchana, ikaunguza vifaa vya kamera. Picha zote zikazimika. Antena alikuwa bwaloni akingoja mvua ipungue, ndipo simu zikaanza kulia mezani, moja, nyingine, kisha zote kwa pamoja. Barua zilizokwama zilishuka kwa mkupuo. Mchomelea vyuma aliruka kutoka kwenye benchi.

"Mtoto wa kike! Jamani, nimepata mtoto wa kike!"

Wenzake wakampigia meza.

Antena akafungua zake. Ya juu kabisa ndiyo iliyoandikwa mwisho: "Tumeshamzika mama. Tulikungoja mpaka ndugu wakachoka." Akateremka. "Wamemkata mguu, hali si nzuri. Njoo." Akateremka tena. "Mama anakuulizia. Leo amekula vizuri." Kila aliposhuka, mama alizidi kupona. Chini kabisa alikuwa bado nyumbani, anataka kujua kama huko kambini kuna baridi.

Makofi ya mezani yalikuwa yanaendelea alipotoka kwenda ofisini. Alimpa meneja simu. Meneja akasoma, akavua miwani, akamsogezea simu ya kazi.

"Piga. Ongea utakavyo."

Kaka alipokea. Sauti yake ilikuja safi, haikukwaruza hata kidogo, kama amesimama mlangoni.

"Nilikuandikia," kaka akasema.

"Hazikunifikia."

"Nikapiga ofisi yenu ya mjini. Wakaniambia nisiwe na wasiwasi, watakutumia barua pepe."

Antena akavuta kiti, akaketi.

"Si wewe ndiye fundi wa huko?"

"Ndiye mimi."

Simu ilikuwa safi kiasi kwamba Antena alimsikia mtu akifagia uani kwao. "Haya," kaka akasema hatimaye. "Ukija utaniambia."

Alikwenda. Shangazi alimpeleka kaburini. Udongo ulikuwa umeanza kupasuka kwa jua. Kaka alimsalimia kama anavyosalimiwa mgeni, akampisha kiti. Hakumlaumu. Angemlaumu ingekuwa afadhali.

Aliporudi kambini alikuta kamera zimeshatengenezwa, na hata begi hakuliweka chumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye mitambo, akazitengea barua fungu lao ambalo video haikuweza kuligusa. Kesho yake meneja akaja.

"Makao makuu wanalalamika. Picha zinaganda."

"Zitaganda, bosi."

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna."

Meneja alimtazama, kisha akaondoka. Hakulibadilisha fungu lile. Mkataba wa Antena nao hakuusaini.

Sasa ana kibarua mjini, anafunga mitandao maofisini. Kaka yake hupokea simu akipiga. Humwelezea habari za mvua, za watoto, za paa linalovuja. Ile habari aliyosema ataambiwa hajaiuliza mpaka leo, naye Antena, kila anaposhika simu, hajui pa kuanzia.