Nyimbo za Ndani na Mtambo Mpya wa Sauti

Ummukulthum wa Kibokoni ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitu kimefungwa asitake kujua ndani mna nini. Redio ya marehemu babake aliifungua yote, akairudisha, na skrubu mbili zikabaki mkononi. Ndiyo maana kompyuta yake haina Windows kama za watu. Aliiwekea Linux, mfumo ambao mtu anaruhusiwa kuufungua na kuuchokoa ndani, na kwayo hurekodi vugo, zile nyimbo za harusi wanazoimba wanawake huku wakigonga pembe za nyati.

Sasa nyanya yake, Bi Mwanakuu, alikuwa anahamia Maskati kwa mwanawe, na safari ni kesho. Miaka yote alikataa kata kata kurekodiwa. Nyimbo zake ni za ndani, za kumfunda bibi harusi milango imefungwa, si za masikio ya mwanamume. Asubuhi hiyo, bila kubembelezwa, akakubali mwenyewe.

"Lakini fanya upesi," akasema. "Baada ya adhuhuri nyumba itajaa watu wa kuniaga."

Loo! Na siku hiyo hiyo mashine ikagoma. Jana yake Ummukulthum alikuwa amefanya apdeti, na ule mtambo wa ndani unaogawia programu zote sauti ukabadilishwa, ukaja mpya uitwao PipeWire. Bi Mwanakuu akagonga pembe, ko! ko! Mshale wa kupimia sauti kwenye programu ya kurekodi haukutikisika.

"Hiki chako kiziwi," akasema Bi Mwanakuu.

Mwengine angelia. Ummukulthum, Mungu amsamehe, alianza kuona raha. Video zilikuwa zikisema vizuri, na akipiga simu kwa kompyuta hiyo hiyo alisikika. Mbona huyu asikie na yule asisikie, na maikrofoni ni moja? Wasiwasi ulimwingia alipotazama saa. Akampigia Fahmi, fundi wa kompyuta wa Makadara.

"Hebu weka simu karibu, aimbe kidogo nisikie tatizo," akasema Fahmi.

"Usikie? Una wazimu wewe? Hizi ni za ndani!"

Fahmi akaona haya. "Niwie radhi, nimejisahau. Basi nieleze tu. Programu ilipokosa sauti, ulifanya nini?"

"Niliiwasha JACK, mtambo wa zamani. Programu yangu iliandikiwa huo."

"Ala! Basi sasa mitambo miwili inagombania maikrofoni moja. Uzime huo wa zamani. Huu mpya lugha ya JACK unaijua, ila programu yako inataka mkalimani. Weka kifurushi cha pipewire-jack, kisha ukiifungua, tanguliza neno pw-jack mbele ya jina lake."

"Kwa hivyo itadhani inazungumza na ule wa zamani?"

"Itadhani hivyo hivyo."

"Na haitajua kabisa? Mkalimani mwenyewe anakaa wapi?"

"Ummu, nyanya yako anasafiri! Rekodi kwanza!"

Akaizima JACK, akaweka kifurushi, akaandika neno. Programu ikafunguka. Bi Mwanakuu akagonga pembe, na mshale ukaruka mpaka Ummukulthum akapiga kigelegele peke yake. Mlango ukafungwa, simu ikazimwa, na Bi Mwanakuu akaimba zote, hata zile ambazo Ummukulthum hajawahi kuzisikia.

Alipomaliza, akavishwa visikizi asikilize. Hakuwa amepata kusikia sauti yake kwenye mashine maishani mwake. Uso ukabadilika.

"Huyu si mimi," akasema.

Ummukulthum akarukia kibodi, akidhani mtambo umeharibu tena na wakati umekwisha.

Bi Mwanakuu akamshika mkono. Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Ni mama. Hivi ndivyo alivyokuwa akiimba. Na mimi nalia miaka yote nimemsahau sauti." Akavikaza visikizi kwa viganja viwili. "Mrudishe pale mwanzo, mwanangu. Nataka kumsikia akianza."