Taa ya Breki kwenye Barabara ya Tororo

Mimi ni fundi umeme wa magari, na kazi hii imenifundisha kutoamini upesi. Waya ukionekana mzima, siuamini mpaka niupime. Kwa hiyo ninapokwambia kwamba haya yalinipata mimi mwenyewe, jioni moja kati ya Busia na Tororo, elewa kwamba nimejipima kwanza. Nimejipima miaka mingi. Sikuwa na homa, sikuwa nimeonja pombe, na sikuwa peke yangu.

Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru, wakati kuvuka mpaka pale Busia kulikuwa kama kutoka ua mmoja kwenda wa jirani. Nilikuwa kijana, nimemaliza kujifunza kazi katika gereji moja ya Tororo, nikafungua kibanda changu cha mabati pale Busia, upande wa Uganda. Ndipo akaja Mama Akoth.

Mama Akoth alikuwa mjane wa Tororo, mfanyabiashara wa wimbi la uji na mihogo mikavu. Alikuwa na pikapu kuukuu, ya zamani hata siku zile, yenye kichwa cha chuma na bodi ya mbao huko nyuma. Asubuhi alipakia magunia Tororo, akauza Busia, na jioni akarudi tupu. Aliendesha mwenyewe. Hebu fikiria, mwanamke kushika usukani miaka ile! Watu waliacha majembe kumtazama akipita.

Shida yake ilikuwa taa za breki. Alikanyaga pedali, nyuma hakuna kitu. Lori lilikuwa limeshamgonga mara moja kwa sababu dereva wake hakuona kwamba pikapu inasimama, na Mungu tu ndiye aliyemtoa salama. Trafiki wa Tororo alikuwa amempa mpaka Jumamosi alete gari likiwa na mzigo wake na taa zinawaka, la sivyo halingeruhusiwa kutia gurudumu barabarani tena. Na bila gari lile, watoto wake wanne wangekula nini?

Nilifikiri ni kazi ya nusu saa. Nikapima swichi ya breki kwenye pedali, nzima. Fyuzi, nzima. Nikaweka balbu mpya. Mama Akoth akakanyaga, taa zikawaka nyekundu safi. Akaenda zake akiimba. Siku ya pili akarudi amekunja uso.

"Fundi, zimekufa tena."

"Haiwezekani. Hebu kanyaga."

Akakanyaga. Zikawaka!

Tulicheza mchezo huo mara tatu. Akija kwangu jioni, gari tupu, zinawaka. Akiwa njiani asubuhi, wenzake wanamwambia hawaoni kitu. Fundi mwenzangu, Wafula, aliyekuwa ameshindwa kabla yangu, alikuja kusimama mlangoni pangu huku wateja wanasikia. "Mimi nilimwambia huyu mama atafute mganga," akasema. "Hiyo gari imelogwa. Wewe mtoto wa juzi utaweza nini?"

Sikulala vizuri usiku ule. Ijumaa nikamwambia Mama Akoth, "Leo narudi nawe mpaka Tororo. Nataka kuliona gari hili barabarani."

Tuliondoka Busia jua likianza kushuka, manyunyu yakianguka. Njiani nilimsimamisha mara mbili, nikashuka, nikamwambia akanyage. Taa ziliwaka kila mara. Mara ya tatu tulisimama mahali penye mihogo huku na huku, hakuna nyumba karibu. Nilisimama nyuma ya gari nikizitazama zile taa zikininyanyasa kwa kuwaka kwake, ndipo wazo likanijia. Asubuhi gari lina mzigo. Jioni halina. Je, kama ni uzito?

Nikatazama huku na huku nitafute mawe ya kupakia. Hakukuwa na jiwe hata moja. Nilichoona ni mama mmoja anakuja kando ya barabara.

Niamini ninapokwambia huyo mama alikuwa mnene. Alikuwa mama wa kujaza mlango, amevaa gomesi ya njano, lile gauni refu la mshipi wavaalo wanawake wa Uganda, na kichwani gunia zima la mahindi. Moyo wangu ulifurahi. Nani angeomba uzito bora kuliko ule?

"Nyie munakwenda Tororo?" akauliza. "Saidia mimi, kijana. Nashuka kwa njia ya Kisoko."

"Panda, mama. Panda haraka," nikasema. Mama Akoth akatoa kichwa dirishani, wakasalimiana kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao, wakaulizana habari za mvua. Yule mama akatua gunia lake kwenye bodi, akapanda, akaketi juu ya ubao wa nyuma kabisa.

"Mama Akoth, kanyaga breki!"

Taa zikawaka.

Nilivunjika moyo. Nilitaka zizime, unaelewa? Nilitaka kuuona ugonjwa kwa macho yangu. Kwa hasira nikaegemea gari na kutia mguu wangu mmoja kwenye ukingo wa nyuma, nikijiinua kuyapisha maji yaliyokuwa yakitiririka chini. Papo hapo taa zikazima.

Nikashuka. Zikawaka.

Nikapanda tena. Zikazima.

"Nimeipata!" nikapiga kelele. "Mama Akoth, nimeipata! Ni uzito! Si uchawi, ni uzito!"

Nilirukaruka kwenye matope kama mtoto. Na nilipokuwa bado narukaruka, ndipo kichwa changu kilipoanza kufanya hesabu yake polepole. Mimi nilikuwa mwembamba kama fito. Mguu wangu mmoja ulitosha kuzima taa. Basi huyu mama na gunia lake?

Niliinama nikatazama springi. Pale nilipokanyaga mimi zililala. Sasa nilikuwa chini, na yeye amekaa pale pale juu, na springi zilikuwa zimesimama kama gari halina kitu. Nikakumbuka kwamba gunia lilitua bila kishindo. Mbao zile zilizokuwa zikilia hata kwa uzito wa kuku, hazikulia kwake.

Nilitaka kukimbilia kwenye mihogo, lakini ningekimbia nikamwacha Mama Akoth na nani?

"Mama," nikasema, na sauti yangu haikuwa yangu, "mbona gari halikulala ulipopanda?"

Hakukasirika. "Wengine hawaangaliangi," akasema. "Wewe umeangalia."

"Wewe ni nani?"

"Mimi nilikuwa nakwenda nyumbani na mahindi yangu. Nilipanda nyuma ya gari ya watu wengine, kama hivi. Dereva akakanyaga breki, taa haikuwaka. Lori iliyokuwa nyuma yetu haikujua." Akapangusa uso kwa mkono wa gomesi. "Tangu siku hiyo nasimamisha magari. Wakinijua wanakimbia, wananiacha hapa hapa."

Mama Akoth alikuwa amesikia yote, maana dirisha la nyuma halikuwa na kioo. Lakini hakuondoa mguu kwenye pedali. Alisema, "Fundi, tengeneza hiyo taa. Halafu tumpeleke huyu mama kwake."

Ujasiri wangu wote wa siku ile niliuazima kwake.

Niliingia chini ya gari na tochi mdomoni. Juu yangu, upande wa pili wa ubao, alikuwa amekaa yeye. Nilifuata waya kutoka mbele, nikishika kila kiungo, mpaka nilipofika kwenye waya ule wa kurudisha umeme kwenye chuma cha gari. Kumbe taa zilifungwa kwenye mbao, na mbao hazipitishi umeme, kwa hiyo fundi wa zamani alikuwa ameshusha waya mmoja mfupi kutoka kwenye taa mpaka kwenye bolti ya chesisi, ile mifupa ya chuma ya gari. Bolti ilikuwa imelegea na kuliwa na kutu. Gari likiwa tupu, waya uligusa. Mzigo ukipinda mbao, waya ulivutwa ukaachana na chuma. Kitu kidogo hivyo! Mafundi wote, pamoja na mimi, tulilipima gari likiwa tupu.

Nilikwangua kutu mpaka chuma kikang'aa. Nikakata waya mpya, mrefu wa kutosha kulegea, nikaufunga kwa bolti nyingine na kukaza kwa nguvu zangu zote. Nikatoka nimejaa matope mpaka masikioni.

"Kanyaga!"

Zikawaka. Nikapanda nyuma kwa miguu yote miwili. Nikaruka juu ya zile mbao, nikaruka tena, gari likayumba kama mtumbwi. Hazikuzima. Mwanga mwekundu ulijaa barabara nyuma yetu, na matone ya mvua yakaonekana ndani yake.

Ndipo yule mama aliposimama akapiga vigelegele. Vilienda juu ya mihogo vikarudi. Nywele zilinisimama, lakini nakuapia sijasikia furaha kama ile maishani. Mama Akoth naye akajibu kwa vigelegele vyake mle ndani. Nami nikacheka na kulia pamoja.

Nilikaa naye nyuma njia nzima. Baridi iliyotoka kwake ilikuwa kama ya kisima. Tulipofika kwenye njia ya kwenda Kisoko, Mama Akoth akakanyaga breki taratibu. Mama wa gomesi ya njano alishuka, akageuka, akazitazama taa kwa muda mrefu, mwanga wote usoni mwake.

"Sasa inawaka," akasema. Akajitwika gunia, akaingia njiani. Matope yalikuwa laini, lakini hayakushika unyayo wake.

Jumamosi asubuhi tulipakia magunia mpaka springi zikalala kabisa. Trafiki alizunguka gari mara mbili. Akamwambia Mama Akoth akanyage, zikawaka. Hakutosheka, akapanda yeye mwenyewe juu ya magunia na buti zake. Zikaendelea kuwaka! Watu wa soko walishangilia, wanawake wakambeba Mama Akoth juu juu. Jumatatu Wafula alikuja kibandani kwangu, akaniomba nimwonyeshe nilivyofanya. Nikamwonyesha. Hakuzungumza tena habari za mganga, na mimi sikumwambia ya yule mama.

Baadaye nilifika Kisoko, nikauliza habari za mama aliyeuawa na lori akirudi na mahindi. Nilimpata binti yake anapepeta wimbi. Nilipomweleza habari ya vigelegele aliacha ungo akaketi chini. "Ni yeye," akasema. "Sisi tulikuwa tunamsikia usiku akiita kutoka barabarani. Tangu ile Ijumaa hatusikii tena."

Mimi sijawahi kupona kabisa. Mpaka leo mtu akipanda gari ninalolitengeneza, macho yangu yanakwenda kwenye springi kabla sijamwitikia salamu. Siku ya harusi yangu bibi harusi alipopanda nilichungulia, na hajanisamehe.

Lakini wewe unayenisikiliza, una gari la zamani? Basi leo, kabla hujatoka, lipakie kwanza, mwite mtu akanyage breki, nawe nenda nyuma ukaangalie kwa macho yako. Usiseme jana iliwaka. Na ukiwa barabara ya Tororo jioni, mtu akikupungia mkono, simama. Huenda hakuna atakachokudai ila kufikishwa kwake, na wanaosubiri kando ya ile barabara bado ni wengi.